Kinanda Kikuukuu Si Takataka: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukitupa, Kukiuza au Kukivunja

Katika bohari za shule, kumbi za makanisa na nyumba za zamani, si ajabu kukuta kinanda kilichofunikwa kwa shuka na kugeuzwa meza ya kuwekea vitabu. Kitufe kimoja kikibonyezwa hakirudi, kingine hakitoi sauti, na panya wamejenga kiota ndani. Ikifika siku ya usafi kinatolewa nje, kinanyeshewa, kisha kinauzwa kwa kilo au kinachomwa moto pamoja na taka nyingine.

Hasara ya uamuzi huo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwanafunzi anakosa chombo cha kujifunzia. Jaa la taka linaongezewa mzigo. Tena, anayekivunja anaweza kujikuta amevunja sheria bila kujua, kwa sababu vitufe vya baadhi ya vinanda vya zamani vimefunikwa kwa pembe za ndovu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua aina ya kinanda, matatizo yanayoweza kurekebishwa kwa gharama ndogo, mambo ya kumwachia fundi, na nini cha kufanya na kinanda ambacho hakiwezi kupona. Neno kinanda limewahi kutumika pwani kwa vyombo vya nyuzi na hata kwa gramafoni. Hapa lina maana ya chombo chochote cha muziki kinachopigwa kwa vitufe.

Aina tatu zinazopatikana zaidi

Vinanda vikuukuu vinavyopatikana nchini ni vya aina tatu. Ya kwanza ni piano, ambayo kila kitufe chake husukuma nyundo ndogo inayogonga nyuzi za chuma. Ya pili ni kinanda cha mvukuto, ambacho hutoa sauti pale hewa inapopita kwenye ndimi nyembamba za shaba. Ya tatu ni kinanda cha umeme, ambacho sasa ndicho kinachotumika katika makanisa mengi na kwenye bendi.

Kila aina ina maradhi yake na hatari zake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufungua kifuniko na kutazama ndani kabla ya kushika bisibisi.

Piano ya nyuzi

Piano kamili ya kisasa ina vitufe 88. Nyingi za zamani zina 85. Ndani yake kuna nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wa nyuzi hizo zote kwa pamoja hufikia tani 15 hadi 20. Mzigo huo hubebwa na fremu nzito ya chuma cha kusubu. Ndiyo maana piano ya kusimama huwa na uzito wa kilo 200 hadi 300 au zaidi, na kuihamisha kunahitaji watu wa kutosha na mkokoteni imara.

Matatizo mengi yanayofanya piano ionekane imekufa ni madogo. Kitufe kinachokwama mara nyingi kimebanwa na mbao iliyovimba kwa unyevu, au na sarafu au penseli iliyodondoka katikati ya vitufe. Sauti iliyofifia yaweza kuwa ni ya nyundo ambayo sufu yake imeliwa na nondo. Uzi mmoja uliokatika unaweza kubadilishwa bila kugusa nyingine. Piano iliyopotea sauti huhitaji kulinganishwa upya, na ikiwa imekaa miaka mingi fundi huipandisha kidogo kidogo, kwa awamu, ili nyuzi zenye kutu zisikatike.

Yapo pia maradhi makubwa. La kwanza ni ubao unaoshika misumari ya kukazia nyuzi. Ubao huo ukipasuka, misumari hulegea na piano haishiki sauti hata ikirekebishwa mara ngapi. La pili ni ufa kwenye fremu ya chuma. La tatu ni mchwa, ambao huacha nje pazuri huku ndani pakiwa vumbi tupu. Piano yenye mojawapo ya maradhi haya mara nyingi hugharimu zaidi kuitengeneza kuliko thamani yake, na hapo ndipo swali la kuibadilishia matumizi linapoanza.

Ili piano isifike huko, iwekwe kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, jua kali na paa linalovuja. Kwenye kaunti za pwani, unyevu na chumvi iliyomo hewani huongeza kasi ya kutu, kwa hiyo haifai kuachwa barazani hata kwa siku chache.

Kinanda cha mvukuto

Hati ya kumiliki ubunifu wa harmoniamu ilitolewa Paris mwaka 1842 kwa fundi Alexandre Debain. Vinanda vya jamii hiyo vilipendwa na wamisionari kwa sababu ni vyepesi kuliko piano na sauti yake haipotei haraka katika nchi za joto. Baadaye mafundi wa Kolkata, India, walitengeneza harmoniamu ndogo ya kupigwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta mvukuto. Chombo hicho kilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na jamii za Wahindi, kikaingia katika taarabu ya Mombasa, hasa ile yenye mahadhi ya Kihindi.

Hiki ndicho kinanda chepesi zaidi kuokoa, kwa sababu hakina mvuto mkubwa wa nyuzi wala umeme. Kama hakitoi sauti kabisa, kwa kawaida mvukuto unavuja. Ujazwe hewa, kisha isikilizwe pale panaposikika mlio wa hewa inayotoka. Kitundu kidogo huzibwa kwa kipande cha ngozi laini na gundi ya seremala. Haifai kutumia gundi kali zinazokauka kama mawe, kwani fundi atakayekuja baadaye hataweza kuubandua mvukuto bila kuurarua.

Kama ni kitufe kimoja tu kisicholia, mara nyingi kuna vumbi au mdudu aliyekwama kwenye ulimi wa shaba. Ulimi husafishwa kwa brashi laini iliyo kavu. Usitiwe mafuta, usikunjwe na usipigwe tupa. Kukwangua ncha ya ulimi hupandisha sauti, na kukwangua shina lake hushusha sauti. Fundi hutumia njia hiyo kurekebisha, lakini asiyejua huharibu ulimi ambao ni vigumu kupata mwingine wa kufanana nao.

Kinanda cha umeme

Vinanda vya umeme hutupwa vingi kwa kosa dogo. Kabla ya kukata tamaa, mambo manne yakaguliwe kwa utaratibu.

Kwanza ni adapta. Voltiji na mpangilio wa chanya na hasi huandikwa karibu na tundu la umeme. Vinanda vingi vya Yamaha hutumia volti 12 na chanya huwa katikati, ilhali Casio nyingi za zamani hutumia volti 9 na hasi huwa katikati. Plagi zinaweza kuingia vizuri kote kote, na hapo ndipo vinanda vingi vinapoungua. Adapta isichomekwe mpaka maandishi yake yalingane na ya kinanda.

Pili ni betri. Betri zilizoachwa ndani kwa miezi huvuja na kuacha ukungu mweupe au wa kijani kwenye vyuma. Kitambaa chenye siki kidogo huondoa ukungu huo wa betri za kawaida, kisha pakaushwe vizuri.

Tatu ni tundu la umeme lenyewe. Likitikiswa mara kwa mara, lehemu inayolishikilia hupasuka, na kinanda huwaka na kuzima chenyewe. Fundi wa redio au simu anaweza kulilehemu upya kwa muda mfupi.

Nne ni vitufe visivyolia. Chini ya vitufe kuna ukanda wa mpira wenye vidoa vyeusi vya kaboni vinavyogusa ubao wa saketi. Vumbi likiingia, mguso unakatika. Ukanda huo na ubao husafishwa taratibu kwa pamba na spiriti ya kusafishia vifaa vya elektroniki, kisha huachwa vikauke kabisa kabla ya kufunga.

Tahadhari moja ni muhimu. Kinanda kinachotumia adapta ya nje kina umeme mdogo ndani. Lakini vinanda vikubwa vya zamani ambavyo waya wake wa umeme huingia moja kwa moja kutoka ukutani, na vipaza sauti vyake, vina kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kuchomolewa. Hivyo vifunguliwe na fundi wa umeme tu.

Kinanda kilichokufa sauti bado kina kazi

Tangu mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda wamekuwa na lugha moja ya mawasiliano iitwayo MIDI. Kinanda chenye lugha hiyo huwa na tundu la duara lenye vishimo vitano nyuma, au tundu la USB. Kupitia hapo, hutuma taarifa ya kitufe kilichobonyezwa na kwa nguvu kiasi gani.

Maana yake ni kwamba kinanda ambacho spika zake zimekufa, au ambacho sauti zake zimepitwa na wakati, kinaweza kuunganishwa na kompyuta au simu, na sauti ikatoka huko. Programu za bure kama MuseScore, inayoandika noti, na LMMS, inayotengeneza muziki, hupokea kinanda cha namna hiyo. Shule yenye kompyuta kadhaa na vinanda viwili vibovu inaweza kupata chumba cha muziki kwa gharama ya kebo.

Jambo hili lina uzito kwa wazazi na walimu. Katika mtaala wa umilisi, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmoja wa mikondo mitatu ya shule ya upili. Mwanafunzi anayechagua muziki anahitaji chombo cha kuweka vidole vyake, na kinanda kilichochorwa kwenye karatasi hakitoshi.

Pembe za ndovu: usizing'oe, usiziuze

Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani, na sehemu kubwa ilisafirishwa kupitia Unguja. Nyingi zilipelekwa Marekani, katika miji ya Deep River na Ivoryton huko Connecticut, ambako viwanda vilizikata kuwa vipande vyembamba vya kufunika vitufe vya piano. Jina la Ivoryton lenyewe limetokana na pembe. Kwa hiyo baadhi ya piano zilizoletwa huku baadaye zilirudisha pembe zilizotoka katika ukanda huu. Plastiki ilichukua nafasi ya pembe kufikia katikati ya karne ya 20.

Kuna dalili za kutambua. Kitufe cheupe cha pembe kwa kawaida huundwa na vipande viwili, kimoja kipana mbele na kingine chembamba nyuma, na mstari mwembamba huonekana vinapokutana. Pembe huwa na mistari midogo kama ya mbao, na hugeuka manjano bila usawa. Plastiki huwa kipande kimoja chenye rangi moja. Jaribio la kuchoma kwa sindano ya moto lisifanywe. Vitufe vingine vya zamani ni vya seluloidi, plastiki ya awali inayoshika moto kwa kasi mno.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki nyara, kuifanyia biashara au kuitumia kutengeneza bidhaa bila kibali. Adhabu ni faini kubwa, au kifungo, au vyote viwili. Msimamo wa Kenya kuhusu pembe unafahamika duniani. Mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 hadharani, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105 katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi.

Huenda mnunuzi akadai kwamba Uingereza inaruhusu biashara ya piano za pembe. Ni kweli kwamba Sheria ya Pembe ya nchi hiyo ya mwaka 2018 inaruhusu, baada ya usajili, vyombo vya muziki vilivyotengenezwa kabla ya 1975 vyenye pembe chini ya asilimia 20. Lakini hiyo ni sheria ya Uingereza. Haimlindi mtu anayekamatwa na vipande vya pembe nchini Kenya.

Mwananchi anayeshuku kwamba piano yake ina pembe asing'oe kitufe hata kimoja. Aipige picha, aiache ilipo, na awasiliane na ofisi ya karibu ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kabla ya kuiuza, kuihamisha au kuivunja.

Mali ya umma na mali ya kale

Kinanda cha shule ya umma au ofisi ya serikali si mali ya mwalimu mkuu wala msimamizi wa ofisi. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015, kamati ya uondoaji mali hutoa mapendekezo kuhusu kifaa kisichohitajika. Kinaweza kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, kuuzwa kwa zabuni au mnada, au kutupwa kama taka kwa utaratibu. Kuwauzia wafanyakazi wa taasisi hiyo kuna masharti maalumu. Kuhamishia taasisi nyingine ndiyo njia inayofaa kufikiriwa kwanza, kwani kinanda kisichotumika katika shule moja kinaweza kuwa ndicho kinachokosekana katika chuo cha ufundi jirani.

Vilevile, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa mali ya kale, na mali ya kale haitolewi nje ya nchi bila kibali. Kinanda cha misheni ya zamani chaweza kuingia humo. Kabla ya kukiuza, itafutwe namba ya kiwanda iliyopigwa ndani na kumbukumbu zozote za kanisa au familia zinazotaja mwaka kilipofika.

Kisipopona, kigawanywe

Iwapo fundi amethibitisha kwamba kinanda hakiwezi kupona, na suala la pembe na umiliki limekwisha kumalizwa, basi kinaweza kugawanywa. Kwenye piano, nyuzi zilegezwe kwanza, zote, kwa mizunguko kadhaa na kidogo kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kukata uzi uliokazwa, au kufungua skrubu za fremu nyuzi zikiwa bado zimevutwa, kunaweza kumpofua au kumuua mtu. Miwani ya kukinga macho na glovu ni lazima, na watoto wasikaribie.

Mbao za piano za zamani zimekauka kwa miaka mingi na hazipindi ovyo. Seremala hupata ndani yake dawati, rafu au kabati, pamoja na bawaba ndefu za shaba. Mfumo wa nyundo na vitufe ukifungwa kwenye fremu ndogo huwa kielelezo kizuri cha kufundishia wenzo katika somo la sayansi. Vitufe vyenyewe vikaguliwe, kwa kuwa vingi vimepachikwa vipande vya risasi ili kuvipa uzito. Risasi ni sumu. Vitufe hivyo visichezewe na watoto wala kutumiwa kama kuni, na aliyevishika anawe mikono.

Vinanda viwili vibovu vya umeme vya modeli moja mara nyingi huzaa kimoja kizima. Spika, transfoma na kebo hutumika tena, na ubao wa vitufe ni zoezi zuri kwa wanafunzi wa elektroniki.

Kinachobaki kiende panapofaa

Fremu ya chuma na nyuzi za besi zilizoviringishiwa shaba zina soko, lakini Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inataka mnunuzi awe na leseni. Muuzaji aombe kuiona. Saketi za umeme zisichanganywe na taka za jikoni wala kuchomwa ili kupata shaba, kwa sababu moshi wake una sumu. Zipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mwananchi kutenganisha taka zake, na chini ya Katiba ya 2010 kazi ya kuondoa taka ni ya serikali za kaunti. Taka zikitenganishwa nyumbani, kazi hiyo huwa nyepesi na gharama hupungua.

Kwa ufupi

Kabla ya kinanda kikuukuu kutolewa nje, maswali matano yajibiwe kwa mpangilio huu. Ni cha nani? Kina pembe za ndovu? Ugonjwa wake ni mdogo au mkubwa, na fundi amesemaje? Yupo mwanafunzi, kwaya au taasisi inayokihitaji kama kilivyo? Na kama hakuna, ni sehemu zipi zitakazotumika tena na zipi zitakazopelekwa kwa wenye leseni? Moto wa takataka usiwe jibu la swali lolote kati ya hayo.